Kilwa na watoto: mlale mji gani?

Wazazi wawili wa Segerea, wenye watoto watatu, wamekubaliana jambo moja tu kuhusu likizo ya Juni: safari ni ya Kilwa. Baba anataka walale Kilwa Kivinje, ana shangazi yake huko na chumba hakitalipiwa. Mama anataka Kilwa Masoko, karibu na boti. Mtoto wa pili, wa miaka tisa, ana selimundu, na hapo ubishi unaacha kuwa wa pesa.

Ni swali la kila familia inayokwenda kuona majengo ya kale. Ufaransa, wanaotembelea makasri ya bonde la mto Loire hupanga chumba Tours au Amboise, kila asubuhi wanatoka na jioni wanarudi. Kilwa nayo si mji mmoja. Nangurukuru ni njia panda tu kwenye barabara ya Lindi. Kivinje ni mji wa zamani wa misafara, wenye boma la Wajerumani na nyumba zinazobomoka taratibu. Masoko ndiko kuna ofisi za wilaya, nyumba za wageni na boti. Magofu yenyewe yako ng'ambo ya maji.

Kisiwa cha Kilwa Kisiwani kinaonekana ukiwa Masoko. Huko kuna Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, na Gereza (watoto watauliza wafungwa wako wapi, waambieni ni jina la zamani la ngome). Kuna pia Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. UNESCO iliyaweka magofu haya kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981.

Kutoka Gereza hadi Husuni Kubwa ni zaidi ya kilomita moja kwa miguu, na kivuli ni cha kuhesabu. Ndiyo maana saa ya kuvuka ni muhimu kuliko bei ya chumba. Juni ni msimu wa kusi, na bahari kwa kawaida huwa tulivu zaidi asubuhi. Anayelala Kivinje lazima kwanza asafiri hadi Masoko, alipie kibali, atafute boti, na akifika kisiwani jua limeshapanda. Kwa mtoto mwenye selimundu hilo si usumbufu mdogo. Akikaukiwa maji, akichoka sana au akipigwa na baridi ya upepo akiwa amelowa, maumivu makali yanaweza kuanza palepale.

Lakini baba naye ana hoja, hata kama hakuifikiria. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kivinje, siyo Masoko.

Hata hivyo, Masoko ndiyo chaguo bora kwa familia hii, kwa sharti moja: kabla ya usiku wa kwanza wawe na namba ya dereva wa gari aliyekubali kupigiwa simu saa yoyote. Bodaboda si chombo cha kumbeba mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa. Wamwone daktari wa kliniki yake kabla ya safari, wabebe dawa zake za siku zote pamoja na za ziada, kadi ya kliniki, sweta, nguo za kubadili na maji ya kutosha ya kunywa njiani na kisiwani.

Malaria isisahaulike. Mkoa wa Lindi una malaria kuliko Dar es Salaam, na kwa mwenye selimundu ugonjwa huo ni hatari zaidi. Chandarua chenye dawa kitoke nyumbani, iwe mnalala kwa shangazi au nyumba ya wageni. Dalili huweza kuchelewa wiki moja, mbili au zaidi, kwa hiyo mtoto yeyote akipata homa mkiwa mmesharudi Segerea, apimwe siku hiyohiyo na daktari aambiwe mlikuwa Kilwa.

Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu, ni mbali zaidi kwa boti. Kwa familia ambayo mtoto wa mwisho ana miaka minne, kiachwe kwa mwaka mwingine.

Mabasi ya kusini mengi hupatikana Mbagala Rangi Tatu, hivyo kutoka Segerea ni kuamka usiku wa manane. Mvua zikiwa kubwa ulizieni barabara kwanza: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, njia ya Lindi ilikatika na wasafiri wakakwama. Usiku mbili Masoko zinatosha. Shangazi atembelewe siku ya kurudi, mchana, kwa kuwa Kivinje haiko mbali na Nangurukuru. Atalalamika kwamba hamkulala kwake, na samaki atawapikia.

Kwenye boti, kila mtoto avae jaketi okozi linalomtosha, si la mtu mzima lililofungwa kamba. Mwenye boti akisema ya watoto hana, tafuteni boti nyingine.