Matibabu kwa Sanaa Si Mchezo wa Watoto



Mashine ikimkata mtu kidole, hakuna abishaye kwamba ameumia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ina jedwali lake: kidole kina asilimia yake, jicho lina asilimia yake. Lakini yule aliyesimama kando akaona mkono wa mwenzake ukivutwa na mashine, na tangu siku ile hapati usingizi, ataonyesha kidonda gani? Mara nyingi hasemi neno. Akithubutu kusema, wenzake humcheka kwamba apelekwe Butabika, kana kwamba jina la hospitali ni tusi.

Wanachama wametuuliza juu ya matibabu yanayotumia kuchora, kupaka rangi na kufinyanga udongo. Wengine wanadhani ni utapeli, wengine wanadhani ni kazi ya watoto wa chekechea. Sisi twasema si utapeli wala si mchezo, ila yafaa yaeleweke kabla mtu hajatoa pesa yake.

Jina la matibabu haya lilitoka Uingereza. Mchoraji Adrian Hill alilazwa mwaka 1938 kwa kifua kikuu, akaona kuwa kuchora kulimsaidia kuzistahimili siku za kitandani. Akawahimiza wagonjwa wenzake nao wachore, na mwaka 1942 akayapa matibabu hayo jina. Tangu mwaka 1946 Edward Adamson aliendesha chumba cha kuchorea katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Netherne. Leo nchini humo mtu hawezi kujiita mtaalamu wa kazi hii bila kuisomea na kuandikishwa. Sheria inalilinda jina lenyewe.

Mtaalamu huyo hampi mgonjwa maksi, wala haulizi kama mti uliochorwa unafanana na mti. Anampa karatasi, rangi au udongo, anakaa naye, na baadaye huzungumza naye juu ya kilichotokea pale karatasini, ikiwa mgonjwa mwenyewe anataka. Aliyeona jambo la kutisha mara nyingi hana maneno ya kulieleza. Picha humpa kitu cha kukishika, cha kukisogeza mbali kidogo akakitazama.

Na hapa sisi tunaosoma ukurasa huu wa Kiswahili tuna jambo letu. Hapa Kampala mshauri husema Kiingereza au Kiganda. Mwenzetu aliyetoka Arua au Kongo, anayelinda lango usiku au kubeba saruji mchana, haoti ndoto zake kwa Kiingereza. Kuchora hakuiondoi shida hiyo, maana mazungumzo bado yanataka lugha, lakini humpa pa kuanzia. Baraza la mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Basi na hospitali nazo zisikie habari hiyo.

Tusidanganyane lakini. Utafiti mmoja wa Uingereza juu ya wagonjwa 417 wa skizofrenia, uliotolewa mwaka 2012, haukuona kwamba vikundi vya sanaa viliwapa nafuu zaidi ya matibabu yao ya kawaida. Kwa hiyo anayekunywa vidonge vya daktari asiviache kwa sababu amepata rangi. Na mtu anayesema anataka kujiua apelekwe hospitali siku ile ile.

Je, mtaalamu apatikane wapi? Waliosomea hasa matibabu haya ni haba sana nchini Uganda, na atakayewaambia kwamba wamejaa mjini ana biashara yake. Njia iliyo salama ni kuanzia Butabika, hospitali ya taifa iliyofunguliwa mwaka 1955, au hospitali ya rufaa ya mkoa. Huko wapo madaktari wa magonjwa ya akili, wanasaikolojia, na wale wanaomrejesha mgonjwa katika shughuli zake kwa kazi za mikono. Ulizeni ni nani kati yao anayetumia michoro.

Mwalimu wa sanaa ni mtu mwingine. Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, imetoa wachoraji hodari, lakini uhodari wa kuchora haumfanyi mtu kuwa tabibu. Kusuka vikapu vya kuuza nako kunafaa mfuko, na huenda kukautuliza moyo, ila si matibabu tunayoyazungumzia.

Mtu akijitokeza na kudai anaijua kazi hii, muulizeni amesomea wapi, nani anamsimamia, na picha zenu atazitunza nani. Anayetaka kuzitundika ukutani bila ruhusa, mwacheni. Anayeahidi kuponya kwa wiki mbili, mwacheni. Anayezisoma picha kama ramli, kwamba nyeusi ni kifo na nyekundu ni hasira, huyo naye mwacheni. Zaidi ya yote, ikiwa mshauri ameletwa na mwajiri, muulizeni kabla ya kufungua kinywa: taarifa zake zinakwenda kwa nani? Tunajua wafanyakazi wanaonyamaza kwa sababu hiyo peke yake, na hatuwalaumu.

Kisha kuna suala la muda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, na ugonjwa ukiendelea baada ya mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuuvunja mkataba. Mifupa mingine hupona katika muda huo. Hofu ya aliyeona mwenzake akifa huenda ikawa ndiyo kwanza inaanza kusemeka.

Kwa hiyo tunadai mikataba ya pamoja iandikwe hivi: saa za kwenda kwa mtaalamu kila wiki zisikatwe mshahara, siri ya mgonjwa isifike ofisi ya mwajiri, na baada ya ajali, walioshuhudia waonwe na mtaalamu kama walioumia. Makatibu wa matawi waanze sasa, wasisubiri mazungumzo ya mkataba. Kila ajali inapotokea, waandike majina ya waliojeruhiwa, na chini yake, kwa ridhaa yao, majina ya wote waliokuwa zamu ile.