Maadili ya Tiba Yasomwe Jioni

Jamani wanachuo, tukisikia shahada ya uzamili tunawaza cheo na mshahara tu. Ipo moja ninayoitetea: maadili ya tiba kwa mtazamo wa Kikristo, isomwe jioni na wikendi na watu walio kazini.

Kwa nini Kikristo? KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza ni hospitali zilizoanzishwa na makanisa, na wanaotibiwa humo ni wa dini zote. Muuguzi wa zamu ya usiku anaulizwa: mashine izimwe? Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017; je, ndugu anayetoa figo karidhia kweli, au kashinikizwa na ukoo?

Kumtajia mstari wa Biblia hakutoshi. Anahitaji kujua imani yake inasema nini na kwa nini, kisha aieleze hata kwa mgonjwa Mwislamu akaelewa. Na hawezi kuacha kazi miaka miwili huku watoto wanasubiri ada.

Sisi walimu watarajiwa nasi tumo, maana maswali haya yatatukuta darasani. Vyuo vya makanisa viwashe taa jioni, wauguzi waje wasome.