Kuvu ya Wafaransa ni mali, susa yetu ‘imeharibika’?

Umeona zile video za watu wakionja mvinyo? Jamaa anazungusha glasi, ananusa, anafumba macho, halafu eti anapata asali, anapata ganda la chungwa.

Mmoja wa mvinyo wanaousifu hivyo ni Sauternes, mweupe na mtamu, kutoka eneo la Bordeaux, Ufaransa. Sasa sikia unavyotengenezwa. Zabibu zinaachwa shambani hadi zishikwe na kuvu, Botrytis cinerea. Maji yanapungua, sukari inabaki. Zinachumwa zimenyauka na zina ukungu, yaani ukipewa sokoni utagomba. Lakini chupa ya Château d’Yquem, iliyowekwa daraja la peke yake mwaka 1855, inaweza kukaa miaka 100 na bado watu waigombanie.

Sasa njoo Isiolo. Wengi huku hawanywi pombe, kwa hivyo weka glasi kando, chukua kikombe cha susa. Ni maziwa ya ngamia yaliyoachwa yachachuke kwenye chombo kilichofukizwa moshi. Usigugumie. Moshi unatangulia, kisha uchachu, na chumvi kwa mbali. Hayagandi mazito kama mala ya ng’ombe, yanateleza tu.

Mbona basi ukimpa rafiki yako wa Nairobi anakunja uso na kusema yameharibika? Kuvu ya Bordeaux anaiita ladha, uchachu wa kwetu anauita uozo. Na hasara si ya heshima tu. Kina mama wa hapa wanakusanya maziwa kwa wafugaji na kuyapakia basi la kwenda Eastleigh. Yakichacha njiani, bei inashuka.

Ukweli usemwe lakini: maziwa yaliyochachia kwenye mtungi mchafu wa plastiki si susa. Hata Wafaransa hupita shambani mara kadhaa, wakichagua zabibu zenye kuvu nzuri na kuacha zilizooza ovyo. Tofauti ni kwamba mnunuzi wao anajua kuuliza. Sisi tunauliza bei tu.

Kwa hivyo ukifika sokoni, muulize mama anayekuuzia: haya yamekaa siku ngapi? Chombo umefukiza kwa mti gani? Atakuangalia kwanza, ashangae umetoka wapi. Halafu atakwambia, na pengine akuonjeshe ya jana na ya juzi.