Shamba la Juja, simba wa Banda Street

Simama steji ya Juja jioni yoyote utamsikia konda akiita, "Juja Farm! Wawili wa mwisho, Juja Farm!" Wewe wa Kalimoni umelizoea jina hilo hadi hulisikii tena. Lakini ushawahi kujiuliza, shamba la nani?

Lilikuwa la William Northrup McMillan, tajiri wa Marekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872. Alifika huku mwanzoni mwa karne iliyopita, akajipatia maelfu ya ekari na kujenga nyumba ya kifahari. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu kwenye kiti cha urais wa Marekani, alikuja kukaa kwake na kuwinda. Stori ya Juja imo katika kitabu cha Roosevelt, African Game Trails. Ndiyo, Juja hii hii ya hosteli na smokie.

McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa Ol Donyo Sabuk, ule mlima tunaouita Kilimambogo. Lakini kumbukumbu yake kubwa iko Nairobi. Mjane wake, Lucie, alijenga maktaba Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia, ikafunguliwa mwaka 1931: McMillan Memorial Library. Ina nguzo kubwa mbele, ngazi, na simba wawili wanaolinda mlango. Umepita hapo mara ngapi ukikimbilia mat ya kurudi nyumbani?

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Kwa zaidi ya miaka 25 maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwafrika aliyetoa jasho lake shambani Juja hangeruhusiwa kuingia na kusoma hata ukurasa mmoja. Leo ni mali ya umma, yaani yako. Nasi tulioachiwa mlango wazi tunapiga selfie na simba, kisha tunaenda zetu.

Lawama si ya vijana peke yao. Maktaba zetu za umma ziliachwa zikachakaa miaka na mikaka. Ndiyo maana kazi ya mwandishi Wanjiru Koinange na mwenzake Angela Wachuka inafaa kuigwa. Kupitia Book Bunk, shirika walilolianzisha mwaka 2017, wamefufua matawi ya Kaloleni na Makadara kwa ushirikiano na kaunti ya Nairobi. Safari yao imo kwenye filamu How to Build a Library, iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2025. Walianza wawili tu, wakiwa na swali na ukaidi mwingi.

Najua utaniambia simu yako ina vitabu vyote. Sawa. Lakini simu haikupi meza, kiti na kimya bila kununua hata chai. Kama unaishi keja ambayo jirani anapiga muziki hadi sufuria zako zinatikisika, unajua bei ya kimya.

Hapa Juja tuna chuo kikuu cha JKUAT, na wanachuo wana maktaba yao. Je, yule aliyemaliza kidato cha nne na bado anatafuta karo? Yule anayeuza viatu mchana na kuandika hadithi usiku? Asome wapi?

Kwa hivyo, Jumamosi moja mwezi huu, fanya hivi. Ulizia saa za kufunguliwa, panda mat, shuka mjini, wapite simba wale na uingie ndani. Omba kitabu. Keti. Jione ukiwa mahali ambapo nyanya yako angefukuzwa mlangoni. Nauli yake ni ndogo kuliko ya safari nyingi unazoziona Instagram, na utarudi na kitu cha kusimulia.

Kisha, ukishuka Juja jioni, usiliache swali kwenye mat. Mpelekee MCA wako: chumba kimoja cha kusomea, kilicho wazi kwa kila mtu wa Kalimoni, kinashindikana kwa nini? Mjane alimjengea mumewe maktaba nzima. Sisi tulio wengi hivi hatuwezi kudai chumba kimoja?