Akiba ya Baridi na Mtambo wa Kuizalisha

Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini heliamu hawakuiweka akiba. Ala zipimazo miali hafifu ya joto itokayo katika nyota sharti ziwe baridi kupita kiasi, la sivyo joto la ala zenyewe huifunika miali hiyo. Kwa miaka mingi baridi ilichukuliwa angani ndani ya chupa kubwa, mfano wa chupa ya chai, iliyojazwa heliamu ya kimiminika au naitrojeni iliyoganda, ikavukizwa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Watetezi wa njia hii hudai kwamba ndiyo ya kuaminika, kwa kuwa chupa haina kitu kiendacho, na kisichokwenda hakichakai.

Hoja hii ina sura ya busara, lakini matukio yaikanusha. Setilaiti ya IRAS ilirushwa Januari 1983. Novemba ya mwaka ule ule heliamu ilikwisha na kazi ikakoma. Herschel, iliyorushwa 2009 na lita zaidi ya 2,000, ilinyamaza 2013 hali vipimo vyake vingali vizima. Suzaku ya Japani ilirushwa Julai 2005. Mwezi uliofuata ilipoteza heliamu yake yote, na kipimo chake kikuu cha eksirei hakikupata kuchunguza hata nyota moja. Je, huo ndio uaminifu?

Mtambo wa kupozea huizungusha gesi ile ile ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa nguvu za umeme wa jua. Kuchakaa nako kumetafutiwa dawa: huko Oxford pistoni ilishikizwa kwa springi bapa, ikaenda ndani ya silinda bila kuigusa. Kipimo cha MIRI katika darubini ya James Webb, kilichofikishwa chini ya nyuzi 7 za Kelvini Aprili 2022, chategemea mtambo, wala hakina chupa ya kuisha.

Haidaiwi kwamba mtambo haufi. Ule uliopelekwa katika darubini ya Hubble mwaka 2002 kukifufua kipimo cha NICMOS ulizimika 2008, na kuuwasha tena kukawa taabu. Lakini chupa ilikuwa imekipa kipimo kile miaka isiyotimia miwili. Mtambo ulikipa zaidi ya sita. Tena ugonjwa wa mtambo huzuilika kwa majaribio marefu duniani na kwa kuweka wa pili wa badala. Chupa haina tiba, kwa kuwa siku ya kujazwa ndiyo siku ianzapo kuisha. Basi wakatao fedha za majaribio hayo ili wanunue kioo kikubwa zaidi hawaikuzi elimu: wanajenga jicho litakalopofuka kabla ya wakati wake.