Tazama Shabaha Kabla ya Kufyatua Tena

Juma hili twaijibu barua ya mama mmoja wa Bwera, katika wilaya ya Kasese, si mbali na mpaka wa Mpondwe. Mumewe ni askari polisi. Yeye mwenyewe ana duka dogo la nafaka, ana umri wa miaka 31, na masomo yake yalikomea kidato cha nne. Sasa ataka kufanya mtihani wa kuingilia chuo cha biashara. Amenunua karatasi nane za mitihani ya kujipima, na katika siku saba amekwisha kufanya tano. Katika ya kwanza alipata maswali 36 kati ya 60; katika ya tano alipata 37. Ada ya mtihani na nauli zitatoka katika akiba iliyowekwa kwa ajili ya mabati ya nyumba yao. Auliza: "Je, fedha hizo nizirudishe kwenye mabati?"

Kwanza tuwaeleze wasomaji wasioifahamu njia hii. Katika Uganda, anayetaka kusomea shahada ya biashara aghalabu hutakiwa awe na cheti cha kidato cha sita chenye masomo makuu mawili aliyoyafaulu katika mtihani mmoja. Lakini mtu aliyetimiza miaka 25 asiye na cheti hicho aweza kuomba nafasi kwa njia ya mtihani wa watu wazima. Wengi hupitia njia hiyo wakitaka kuingia Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1997 huko Nakawa, Kampala, na yenye tawi Mbarara. Ada na masharti hubadilika. Kwa hiyo lisomwe tangazo la chuo chenyewe, wala isitegemewe habari ya kusimuliwa sokoni.

Sasa tulirudie swali. Kila askari anaujua uwanja wa shabaha. Mtu akifyatua risasi tano, kisha akaongeza tano nyingine bila kwenda kutazama zilikopiga, ameteketeza risasi bure. Kosa lililokuwa mkononi litabaki mkononi. Mama yetu amefanya vivyo hivyo. Amehesabu alama, lakini hakuyatazama makosa. Karatasi ya kujipima haimwongezei mtu elimu kwa kufanywa tu. Kazi yake ni kumwonyesha mahali anapokosea; elimu huja baadaye, anapokaa na kosa lake mpaka akalielewa.

Basi, mama, zifungie kabatini zile karatasi tatu zilizobaki. Chukua daftari, uzirudie tano ulizozifanya, na kila swali ulilokosa uliandike chini ya moja ya vichwa hivi vitatu: "Sikujua", "Nilijua, ila niliharakisha", "Sikulielewa swali." Kila kichwa kina dawa yake. Cha kwanza chataka kitabu au mwalimu. Cha pili chataka saa na utulivu. Cha tatu chataka lugha.

Twachukua mfano mmoja. Mfanyabiashara amenunua gunia la maharage kwa shilingi 200,000, akaliuza kwa shilingi 250,000. Faida yake ni asilimia ngapi ya gharama? Wengi hujibu 20, kwa sababu wamegawa ile faida ya 50,000 kwa bei ya kuuzia. Jibu sahihi ni 25, kwani faida hapa hupimwa kwa bei ya kununulia. Mtunga mtihani analijua kosa hilo, na aghalabu 20 huwekwa makusudi miongoni mwa majibu ya kuchagua. Aliyeandika tu "nimekosa" atakosa tena kesho. Aliyeandika "niligawa kwa bei ya kuuzia" hatakosa kwa urahisi mara ya pili.

Hapa pana jambo la kumtia moyo mwenye duka wa Bwera. Anayeuza karibu na Mpondwe hupiga hesabu kila siku kichwani, shilingi ya Uganda kwa faranga ya Kongo, wala hadhulumiki. Lakini sokoni husema Lukonzo au Kiswahili, ilhali mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo huenda makosa yake mengi yamo chini ya kichwa cha tatu. Neno dogo lenye maana ya "isipokuwa" au "angalau" laweza kuligeuza swali zima. Maneno ya namna hiyo yaandikwe nyuma ya daftari, matano kila siku, na yasomwe kwa sauti.

Kisha ije saa. Katika mtihani mashuhuri wa Marekani uitwao GMAT, wanaoufanya wahitimu wanaotaka shahada ya juu ya biashara, sehemu ya hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, yaani zaidi kidogo ya dakika mbili kwa kila swali. Hata huko, anayeng'ang'ania swali moja huyanyima muda mengine. Ukikwama, lipe alama, endelea, urudi baadaye.

Nawe afande, mume wa mama huyu, unayo kazi. Jumamosi utakapokuwa nje ya zamu, uwe msimamizi. Watoto wapelekwe kwa jirani, duka lifungwe, simu izimwe, saa iwekwe mezani. Usimnong'oneze jibu, wala usizicheke alama zake. Akitokea mtu anayedai kuuza karatasi ya mtihani wenyewe kabla ya siku yake, mfukuzeni. Huyo ni tapeli au mwizi, na nyumba ya askari haimpokei.

Mpango wetu ni wa majuma manne. Juma la kwanza ni la daftari tu. Katika kila juma kati ya matatu yanayofuata, siku za kazi ziwe za kuyasoma makosa, na Jumamosi ifanywe karatasi moja mpya kwa saa kamili. Alama zikipanda mfululizo, hata kwa maswali matatu au manne kila mara, lipa ada uende. Zikikaa palepale, na makosa mengi bado yawe ya "Sikujua", nunua mabati mwaka huu, tafuta mwalimu, na ujaribu mwaka ujao. Hakuna aibu katika kuahirisha. Hasara ni kulipa ada huku ukijua hukujiandaa.

Uamuzi huo, mama, usiufanye leo kwa uchovu wa mitihani mitano. Ufanye baada ya majuma manne, daftari likiwa mbele yenu wote wawili. Twakutakia kheri.