Oili Ni Damu ya Mashine

Daktari hangoji mgonjwa azimie ndipo ampime damu. Lakini katika karakana nyingi, Bara na Visiwani, greda na buldoza za umma huchunguzwa zikiisha kuzimika. Mazoea haya hayana budi kukomeshwa.

Oili inapozunguka ndani ya injini huchukua chembe za kila sehemu inayolika. Chembe hizo jicho halizioni, lakini maabara huzihesabu. Chuma kikizidi, silinda au gia zinalika. Shaba ikizidi, beringi na bushi zimeanza kwisha. Uzito wa oili ukipungua, huenda dizeli inavujia ndani yake. Elimu hii si ngeni: mwaka 1946 shirika la reli la Denver and Rio Grande, huko Marekani, lilianza kupima hivyo oili ya injini za treni zake.

Tuutazame mfano wa Njiro, mjini Arusha. Udongo wa huko, chini ya Mlima Meru, una majivu ya volkano, na wakati wa kiangazi hutimka vumbi laini. Vumbi hilo likipenya chujio la hewa, silikoni hupanda katika oili na pistoni husagika kama kwa msasa. Sisi wa Visiwani adui yetu ni maji ya bahari. Yakiingia katika injini ya chombo, sodiamu huonekana katika oili kabla beringi hazijaharibika. Maadui ni wawili, kipimo ni kimoja.

Wananchi wa Unguja waliokaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika, wanajua thamani ya jenereta moja nzima. Wenzao wa Pemba, waliotegemea jenereta za Wesha hadi walipounganishwa na Tanga mwaka 2010, hawahitaji kuambiwa.

Kwa hiyo tunasema: kila mtambo wa umma uwe na daftari lake. Oili ya injini ichukuliwe kila baada ya saa 250 za kazi, ingali moto, mahali pale pale, katika chupa safi. Majibu yalinganishwe na yaliyotangulia, kwani kupanda kwa hesabu ndiko kunakotoa onyo. Bajeti za matengenezo zitenge fungu la vipimo, na wataalamu wetu, wakiwamo wa TEMDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1980 na lenye makao yake huko huko Njiro, washirikishwe katika kuwafunza mafundi.

Viongozi nao watimize wajibu wao. Majibu yaliyofungiwa katika mtoto wa meza hayajapata kuokoa injini. Fundi akileta habari mbaya mapema apongezwe, mtambo usimamishwe, na kipuri kinunuliwe. Mashine hizi zimenunuliwa kwa jasho la mkulima wa karafuu wa Pemba na wa kahawa wa Meru. Kuziacha zife kwa kukosa kipimo cha chupa moja ya oili ni kuwadhulumu.